Barafu karibu na Ikweta: Wakazi wa Nairobi na michezo ya nchi za baridi

JIJI la Nairobi liko takriban kilomita 140 kusini mwa mstari wa Ikweta, na hakuna mkazi wake ambaye amewahi kuamka asubuhi akakuta theluji imeziba mlango wa nyumba yake. Hata hivyo, tangu mwaka wa 2005 wakazi wa jiji hilo wamekuwa wakijifunza kuteleza juu ya barafu halisi, wakiwa wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, ndani ya jengo la hoteli ya Panari kando ya Barabara ya Mombasa.

Ukumbi huo, uitwao Solar Ice Rink, ulipofunguliwa ulikuwa wa kwanza wa aina yake katika Afrika Mashariki na Kati. Upo kwenye njia ya kuelekea uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta, jambo ambalo huwachekesha wageni kutoka Ulaya: wameikimbia barafu kwao, nayo imewatangulia huku.

Je, barafu inawezaje kukaa bila kuyeyuka mahali ambapo jua la utosi hupita mara mbili kwa mwaka? Na je, ina maana gani kwa kijana wa Kangemi au Kawangware ambaye nauli ya kufika huko ni jambo la kupigia hesabu? Maswali hayo mawili yana undugu, kwa kuwa ugumu wa kuihifadhi barafu ndio unaoamua nani ataikanyaga.

Ni vyema kuanza na baridi yenyewe. Nairobi si jiji la joto kali, ingawa wengi wanaoliona kwenye ramani tu hudhani hivyo. Katikati ya jiji ni mita zipatazo 1,660 juu ya usawa wa bahari, na ardhi huendelea kupanda mtu anapoelekea magharibi. Dagoretti Corner, yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, ni karibu mita 1,800, na Limuru imepita mita 2,000. Ndiyo maana mkazi wa Kikuyu hutoka nyumbani amejifunika kabuti, akalivua afikapo mjini saa sita, kisha akalitafuta tena jioni kabla hata matatu haijafika Kangemi.

Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kipupwe. Wakati huo pepo za kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na hewa hiyo ikipanda kuelekea nyanda za juu hupoa na kufanya mawingu ya chini ambayo hukaa angani kutwa nzima. Mawingu hayo hulizuia jua lisiipashe ardhi moto, na usiku kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au 11 za Selisiasi. Wauza mahindi ya kuchoma na wauza sweta za mitumba ndio hufurahia.

Baridi hiyo, pamoja na makali yake, bado iko mbali sana na theluji. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyopoa, kwa wastani wa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, mahali ambapo hewa hufikia nyuzi sufuri ni kati ya mita 4,500 na 5,000. Vilima vya Ngong, ambavyo mkazi wa Karen huviona kama ukuta wa samawati upande wa magharibi, vina kimo cha mita 2,460 tu. Vingehitaji kuongezewa kimo kama chao kingine juu yake ili theluji ivikumbuke.

Kinachojitokeza mara kwa mara ni sakitu, ule umande unaoganda alfajiri. Ajabu ni kwamba sakitu haiji wakati wa kipupwe chenye mawingu bali hasa Januari na Februari, miezi ambayo mchana wake ni wa jua kali. Usiku usio na mawingu hauna blanketi: joto la ardhi hupotelea angani, na kukipambazuka majani ya chai ya Limuru yanakuta yameungua kana kwamba yamepitiwa na moto.

Mvua ya mawe nayo imewahi kuwadanganya watu. Mnamo Septemba 2008, sehemu moja karibu na Nyahururu ilifunikwa na tabaka jeupe kiasi kwamba wakazi walitoka kuitazama, wengine wakaionja, wakiamini kwamba ni theluji. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba yalikuwa ni mawe ya mvua yaliyorundikana na kushikamana. Theluji huundwa na fuwele ndogo za barafu zinazoanguka polepole kama manyoya, ilhali mvua ya mawe ni matone yaliyorushwa juu na chini ndani ya wingu la radi hadi yakaganda kuwa vidonge.

Katika nchi za Skandinavia mambo ni kinyume. Jijini Oslo, nchini Norway, kuna uwanja wa barafu uitwao Spikersuppa katikati kabisa ya jiji, baina ya jengo la bunge na ukumbi wa maonyesho wa taifa. Mwenye viatu vyake huingia bila kulipa chochote. Anayetaka theluji hupanda garimoshi la jijini hadi Frognerseteren, huko juu mlimani, akateremka na kigari cha kuteleza katika njia ya Korketrekkeren kwa kiasi cha kilomita mbili, kisha akapanda garimoshi tena ili arudie. Wazazi hufanya hivyo na watoto wao jioni baada ya kazi, kama vile mzazi wa Mombasa anavyompeleka mwanawe ufuoni.

Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, umezungukwa na maziwa na ghuba ambazo huganda katika miaka ya baridi kali. Watu husafiri juu yake makumi ya kilomita kwa viatu virefu vya makali, wakiwa wamening'iniza shingoni vijiti viwili vyenye ncha za chuma. Vijiti hivyo si pambo. Barafu ikivunjika, aliyetumbukia huvitumia kujikongoja kutoka majini, kwani mikono mitupu haishiki kitu kwenye barafu iliyolowa. Kanuni inayofundishwa watoto huko ni kwamba barafu ngumu isiyopungua unene wa sentimita 10 ndiyo inayofaa kukanyagwa.

Kwa mtu wa Oslo, basi, barafu haina mlango. Ya Nairobi ina mlango, na mlangoni kuna karani anayehesabu saa.

Sababu ya kuwepo kwa karani huyo imelala chini ya sakafu. Viwanja vya barafu vya ndani hujengwa kwa saruji ambayo ndani yake kumetandazwa mabomba mengi, yamelazwa sambamba kama uzi wa mkeka. Ndani ya mabomba hayo hupita maji ya chumvi au kimiminika cha glaikoli, ambavyo haviwi barafu upesi kama maji ya kawaida. Mtambo wa kupozea, unaofanya kazi kwa kanuni ile ile ya friji ya nyumbani, hukishusha kimiminika hicho hadi nyuzi kadhaa chini ya sufuri kabla ya kukisukuma kwenye mabomba.

Kinyume na fikira za wengi, barafu haimwagwi kwa mara moja kama maji ya bwawa. Saruji ikishapoa, maji hunyunyizwa kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, kila moja likigandia juu ya jingine. Rangi nyeupe hupakwa katikati, kwa sababu barafu yenyewe haina rangi na bila kupakwa ingeonekana kama saruji iliyolowa. Unene wote mwishowe huwa baina ya sentimita mbili na nusu na nne. Yaani umati mzima unaoyumba na kucheka umebebwa na kitu chenye unene wa vidole viwili.

Joto la barafu hurekebishwa kulingana na mchezo. Wanaocheza densi juu ya barafu hupenda nyuzi tatu au nne chini ya sufuri, kwani barafu laini kidogo hushika makali wanaporuka na kutua. Wachezaji wa mpira wa magongo hutaka barafu ngumu zaidi, ya nyuzi tano au sita chini ya sufuri, isiyochimbika upesi.

Adui mkubwa wa uwanja wa namna hii si jua, maana jua haliingii ndani. Adui ni unyevu. Hewa yenye unyevu ikigusa barafu hutoa ukungu na kujenga vipele vya barafu juu ya uwanja, na matone hudondoka kutoka darini. Kwa hiyo mitambo hulazimika kuikausha hewa sambamba na kuipoza sakafu. Hapo ndipo Nairobi inapokuwa na nafuu kuliko Mombasa: hewa ya nyanda za juu ni baridi na kavu zaidi, na mtambo haulazimiki kupigana vita viwili kwa nguvu ile ile.

Pamoja na nafuu hiyo, umeme hauna likizo. Mtambo hufanya kazi usiku na mchana, watu wawepo wasiwepo. Umeme ukikatika kwa muda mfupi, saruji iliyopoa huihifadhi barafu. Ukikatika kwa muda mrefu, kazi ya siku nyingi ya kunyunyiza huwa dimbwi. Kila tiketi inayouzwa imebeba ndani yake sehemu ya bili hiyo, na hakuna namna ya kuikwepa.

Barafu pia huchakaa. Makali ya viatu huikwangua, unga mweupe ukajaa, mifereji ikatokea. Katika viwanja vikubwa duniani kazi ya kuirekebisha hufanywa na gari maalum lililobuniwa na Frank Zamboni huko California, Marekani, mwaka wa 1949. Gari hilo huparuza tabaka la juu, hukusanya unga, huosha mifereji na kuacha nyuma yake utando mwembamba wa maji. Maji hayo huwa ya moto. Jambo hilo hushangaza kila anayelisikia kwa mara ya kwanza, lakini maji ya moto huyeyusha kidogo uso wa barafu ya zamani na kushikamana nayo, tena hayana viputo vingi vya hewa, na yakiganda hutoa barafu nzito na laini.

Kwa nini barafu huteleza hata hivyo? Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilieleza kwamba uzito wa mtu, ukiwa umekusanyika kwenye makali membamba, huiyeyusha barafu chini yake. Maelezo hayo hayatoshi, kwani mgandamizo wa mtu mzima hupunguza nyuzi chache mno za mgando, ilhali watu huteleza vyema hata barafu ikiwa ya nyuzi 20 chini ya sufuri. Mwanasayansi Michael Faraday alionyesha mnamo 1850 kwamba vipande viwili vya barafu vikigusanishwa hushikamana, akahisi kwamba uso wa barafu una utando mwembamba wa majimaji hata pale ambapo haukuguswa na chochote. Sayansi ya baadaye ilithibitisha kwamba chembe za juu kabisa hazikufungwa imara kama zilizo chini. Msuguano wa makali nao huongeza joto kidogo, na utelezi ukakamilika.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, mambo machache yatamwepusha na aibu na maumivu. Soksi ziwe ndefu na ziwe jozi moja nyembamba. Soksi nene humfanya mtu achague kiatu kikubwa, na kiatu kinachocheza mguuni ndicho huvunja kifundo. Glavu ni za lazima, si kwa baridi pekee, bali pia kwa sababu vidole vilivyotandazwa juu ya barafu vinaweza kupitiwa na makali ya mtu mwingine. Suruali za dengu zilizobana hazifai. Ndani ya ukumbi ni baridi kama usiku wa Limuru, hivyo sweta isisahaulike nyumbani kwa sababu tu nje kuna jua.

Kuhusu mwendo wenyewe, kosa la kila anayeanza ni kutaka kutembea. Miguu inatakiwa itengeneze umbo la herufi V, magoti yakunjwe, uzito uegemee mbele kidogo, na mguu mmoja usukume kuelekea kando huku mwingine ukiteleza. Anayeegemea nyuma huanguka kwa kisogo, na hilo ndilo anguko la hatari. Aliyehisi kwamba anaanguka na achuchumae, aangukie ubavu, akunje ngumi. Watoto hujifunza haya kwa dakika 20 hivi. Watu wazima, hasa wale waliokuja kuwaonyesha watoto, huhitaji muda zaidi na ukuta wa kushikilia.

Ajabu ni kwamba baadhi ya vijana wa Nairobi walifika kwenye barafu wakiwa tayari wanajua nusu ya kazi. Kwa miaka mingi, siku za Jumapili, maegesho ya magari ya katikati ya jiji yakiwa matupu, watoto na vijana wamekuwa wakiteleza humo kwa viatu vya magurudumu. Huko Kangemi, kando ya Waiyaki Way, makao ya watoto ya Shangilia yalijengewa uwanja wa saruji wa mchezo wa ubao wa magurudumu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Aliyezoea kusawazisha mwili juu ya magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja hahitaji kufundishwa upya juu ya makali ya chuma. Kinachomshinda ni kusimama tu, kwani breki ya viatu vya magurudumu haipo. Ni lazima ageuze makali yakwangue barafu.

Miongoni mwa vijana wa magurudumu ndimo walimotoka wengi wa wachezaji wa Ice Lions, timu ya mpira wa magongo wa barafuni iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 2010. Wageni kutoka nchi za baridi waliokuwa wakiishi Nairobi walikuwa miongoni mwa walioutambulisha mchezo huo, Wakenya wakaushika.

Mchezo huu huchezwa na watu sita kila upande, akiwemo kipa, kwa vipindi vitatu vya dakika 20. Badala ya mpira hutumika kisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.6, ambacho huweza kuvuka uwanja kabla jicho halijakiona. Uwanja kamili una urefu wa mita 60. Ule wa Nairobi ni mdogo zaidi, hivyo Ice Lions wamezoea kucheza wakiwa wachache na kupiga pasi fupi fupi.

Mnamo 2018 timu hiyo ilisafirishwa hadi Kanada na kampuni ya mikahawa ya Tim Hortons, iliyokuwa ikitengeneza filamu fupi ya tangazo. Wachezaji walikuwa wamekosa mtu wa kushindana naye nyumbani, kwa kuwa hapakuwa na timu nyingine. Huko walivalishwa mavazi kamili ya mchezo, wakaingia kwenye uwanja wa vipimo kamili, na ghafla wakaona wakijumuika nao Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini. Tangazo hilo lilitazamwa kote duniani. Mnamo 2024, Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo.

Hatua hiyo ni ya kujivunia, ila haikuondoa udhaifu wa msingi. Mchezo mzima wa taifa umesimama juu ya sakafu moja ya hoteli moja. Janga la korona lilipoingia nchini Machi 2020 na kumbi za burudani kufungwa, wachezaji hawakuwa na pa kwenda isipokuwa kurejea kwenye lami na magurudumu. Mkimbiaji wa Iten uwanja ukifungwa hukimbia barabarani. Mchezaji wa barafu hana barabara.

Umbali nao ni kikwazo. Anayetoka Kangemi au Kawangware hupanda matatu hadi katikati ya jiji, akatembea akipenya umati hadi kituo kingine, kisha akapanda ya pili kuelekea Barabara ya Mombasa, huku msongamano ukimla saa. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa kwa umma mwaka wa 2022, imeunganisha Westlands na Mlolongo kwa kilomita 27 na kupita eneo hilo hilo, lakini hulipiwa ada, na mwenye kufaidika zaidi ni mwenye gari lake. Hivyo mtoto wa Lavington yuko karibu na barafu kuliko mtoto wa Kawangware, ijapokuwa nyumba zao zimetengana kwa mwendo wa miguu.

Wakenya walikuwa wameshaingia katika michezo ya baridi kabla ya barafu ya Nairobi kuwepo. Philip Boit, mzaliwa wa eneo la Eldoret na mpwa wa Mike Boit aliyepata shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich ya 1972, alikuwa mkimbiaji wa mbio hizo hizo za mita 800. Mwaka wa 1996, kwa ufadhili wa kampuni ya Nike, yeye na mwenzake Henry Bitok walipelekwa Ufini kufundishwa kuteleza kwenye theluji. Nia ilikuwa kupima iwapo mapafu ya Mkenya yangeweza kushinda hata huko.

Boit alishiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Nagano, Japani, mwaka wa 1998. Alikuwa wa 92, na wa mwisho, akitumia zaidi ya dakika 47. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amemaliza dakika 20 hivi kabla yake. Dæhlie hakuondoka. Alisubiri kwenye mstari wa mwisho, sherehe za medali zikacheleweshwa, akamkumbatia Mkenya huyo alipofika. Boit baadaye alimpa mmoja wa wanawe jina la Dæhlie. Alirudi Olimpiki mwaka wa 2002 huko Salt Lake City na tena 2006 huko Turin, ambako hakuwa wa mwisho.

Kushindwa kwake hakukutokana na uhaba wa pumzi. Mchezo huo hutumia mikono, mgongo na kiuno kama unavyotumia miguu, na ustadi wake mkubwa ni kupumzika huku mtu akiteleza. Mkimbiaji aliyezoea kuinua mguu kila mara hupoteza nguvu pale ambapo mwenzake anapumzika. Tena kuna suala la nta inayopakwa chini ya mbao: ikikosewa kwa theluji iliyolowa, mbao hushika theluji kama viatu vinavyoshika tope la masika.

Wa pili kuibeba bendera alikuwa Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka wa 1998 na kuhamia Austria akiwa mtoto mdogo. Yeye aliteremka milima. Alishiriki Olimpiki ya Vijana ya Lillehammer, Norway, mwaka wa 2016, na miaka miwili baadaye, huko Pyeongchang, Korea Kusini, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya Majira ya Baridi, ambako alimaliza wa 38 katika mbio za super-G. Olimpiki ya Beijing ya 2022 ilimpita kutokana na ukosefu wa fedha. Tofauti yake na Boit inaeleza mengi: mmoja alijifunza theluji akiwa mtu mzima, mwingine aliikuta mlangoni akiwa na umri wa miaka mitatu.

Isidhaniwe lakini kwamba barafu ni mgeni aliyeletwa Afrika Mashariki kwa mashine. Mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe wa Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Kiongozi wake wa safari, alipoulizwa kile cheupe ni nini, alijibu kwa neno moja tu: baridi. Mwaka uliofuata mwenzake, Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani. Mtaalamu wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga huku, alipinga kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na Ikweta. Yule kiongozi wa safari alikuwa na habari sahihi zaidi kuliko yeye.

Siku ambayo anga ya Nairobi ni safi, asubuhi na mapema, vilele vya Mlima Kenya huonekana kutoka kwenye ghorofa za juu za jiji. Kilele cha Batian kina kimo cha mita 5,199. Wanasayansi wamehesabu kwamba mwishoni mwa karne ya 19 mlima huo ulikuwa na mito ya barafu 18. Mto wa Lewis, ambao umepimwa kwa muda mrefu kuliko mingine, ulipoteza kiasi cha asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Jirani yake, Gregory, umekwisha kabisa.

Huko juu ndiko ulikokuwepo mchezo wa barafu usiohitaji umeme. Mnamo 1973, Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge walikuwa wa kwanza kupanda Diamond Couloir, mkondo wa barafu uliosimama wima chini ya pengo lililo baina ya Batian na Nelion. Njia hiyo ilipata sifa kote duniani kwa wapandaji milima, na msimu wake ulikuwa miezi ya kipupwe, wakati jua liko kaskazini mwa Ikweta na upande wa kusini wa mlima haupati joto. Tangu hapo barafu ya sehemu ya chini imekuwa ikipungua, na kuna misimu ambayo haifiki chini kabisa. Mpandaji anayetaka kuifuata njia ya Mathenge sasa huanza kwa kuwauliza waongoza watalii kama mwaka huo ipo.